Ushuru wa magari kutoka nje ni asilimia 35: je, anayelindwa ni nani?

#1 MwanaMaweni (Malindi)

Salaam, wanajukwaa. Kwa miezi mitano sasa ninatafuta gari la viti saba la kubebea wageni wa hoteli baina ya Malindi na Watamu, na mara mojamoja hadi Mokowe. Kila nikipiga hesabu, kinachonishinda si bei ya gari kule Japani bali ni kile kinacholipwa Mombasa baada ya meli kutia nanga. Tangu Julai 2023 ushuru wa forodha wa magari ya abiria umepanda kutoka asilimia 25 hadi asilimia 35, na sababu inayosikika mara nyingi ni kwamba viwanda vya nyumbani vinahitaji kulindwa. Mimi sijaona kiwanda cha Kenya kinachounganisha Toyota Sienta au Noah, magari ambayo watu wa kipato changu huyanunua. Dai langu ni hili: ushuru huu haulindi kiwanda chochote, bali ni njia ya kukusanya mapato iliyovikwa kanzu ya kiwanda. Anayepinga aje na hoja, si kejeli.

#2 Mchomeleaji

Ninapinga. Mimi ni mzaliwa wa Mambrui, ila riziki yangu iko Mombasa katika karakana ya mabodi ya mabasi. Chesisi hutufikia ikiwa uchi: injini, usukani na magurudumu tu, na dereva anayeileta hukalia kreti iliyofungwa kwa kamba, huku amejifunga kitambaa usoni kwa ajili ya vumbi. Sisi hukata mabomba ya mraba, tukachomelea mbavu, tukafunika mabati, kisha hufuata watu wa vioo, wa umeme, wa rangi na washonaji wa viti. Siku basi likitoka langoni limeandikwa jina ubavuni, watu wengi wameshapata chakula kutokana nalo. Kama basi lililokamilika lingeingia kutoka nje kwa ushuru mdogo, hakuna tajiri ambaye angetungoja wiki nane. Kwa hiyo ndugu MwanaMaweni, wewe hukuona kiwanda kwa sababu ulikitafuta kwenye Sienta.

#3 BintiShela (Lamu)

Watu wa Malindi mna raha ya kulalamikia magari. Huku Amu mjini chombo changu cha usafiri kina masikio marefu, hakijui asilimia 35 wala 25, na kikigoma hakihitaji spea, kinahitaji majani.

#4 WakalaMstaafu

Nimetoa magari bandari ya Kilindini kwa miaka 22 kabla ya kurudi nyumbani Malindi, kwa hiyo naomba kwanza tuwe na hesabu moja ndipo tubishane. Chukueni gari dogo lenye injini isiyozidi sisi (cc) 1,500, ambalo thamani yake ya forodha imewekwa Sh600,000. Ushuru wa forodha wa asilimia 35 ni Sh210,000. Mkijumlisha mnapata Sh810,000, na ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 hutozwa juu ya jumla hiyo, si juu ya zile 600,000 za mwanzo, kwa hiyo ni Sh162,000. Sasa mko Sh972,000, na juu yake huja VAT ya asilimia 16, ambayo ni Sh155,520. Kisha kuna ada ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5 na tozo ya maendeleo ya reli ya asilimia 2, ambazo huhesabiwa juu ya thamani ya kwanza: Sh15,000 na Sh12,000. Jumla ya kodi zote ni Sh554,520. Gari la laki sita limezaa gari jingine la karibu laki sita, ila hili la pili halina magurudumu.

#5 TuktukKisumundogo

Asante mzee. Lakini nionavyo mimi, watu wanalia kupita kiasi. Kama kiwango kilipanda kwa pointi 10 tu, basi kwa gari hilo la mfano nyongeza ni Sh60,000. Mtu anayeweza kuagiza gari Japani hashindwi na elfu sitini, labda kama alikuwa anaagiza kwa pesa za kukopa.

#6 WakalaMstaafu

Kijana, hapo ndipo wengi hukosea, hata waliokuwa wakija ofisini kwangu na tai. Zile Sh60,000 hazikai peke yake. Zinaingia ndani ya msingi wa ushuru wa bidhaa, zikawa Sh72,000, kisha zinaingia ndani ya msingi wa VAT, zikafikia Sh83,520. Kodi inatozwa juu ya kodi, na ile ya tatu juu ya zote mbili. Gari likiwa na injini inayozidi sisi 1,500 ushuru wa bidhaa ni asilimia 25, kwa hiyo hiyo nyongeza hukua zaidi. Kwa magari makubwa, yaani dizeli inayozidi sisi 2,500 na petroli inayozidi sisi 3,000, ushuru wa bidhaa ni asilimia 35.

#7 Mwalimu_wa_Hesabu (Malindi)

Naomba kumrekebisha mrekebishaji, kwa heshima zote. Mwezi huohuo wa Julai 2023 ada ya tamko ilipunguzwa kutoka asilimia 3.5 hadi 2.5, na tozo ya reli kutoka asilimia 2 hadi 1.5. Kwa gari lenu la mfano hiyo ni Sh9,000 zilizorudi mfukoni, kwa hiyo nyongeza halisi wakati ule ilikuwa Sh74,520. Mwisho wa mwaka 2024 tozo ya reli ikarudishwa asilimia 2, zikachukuliwa tena Sh3,000. Walichotupa kwa kijiko wameanza kukichukua tena kwa upawa, lakini hesabu ni hesabu.

#8 WakalaMstaafu

Nakubali, mwalimu. Nilishika kiwango cha sasa pande zote mbili. Bado nasema kijana wa tuktuk alikosea kuliko mimi.

#9 Ami_Mokowe

BintiShela asitudanganye na punda wake. Huyo punda anabeba saruji iliyoshushwa jetini, na saruji hiyo imefika Mokowe kwa lori. Mimi nina duka hapa, na mwenye lori akinunua gari kwa bei ya juu au akishindwa kubadilisha lililochakaa, nauli ya mfuko mmoja hupanda, na mimi siwezi kuinyamazia, na anayejenga Shela ananiita mnyang'anyi. Kisiwa kizima kinalipa ushuru wa magari bila kuwa na pa kuyaendeshea. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, dada.

#10 WakalaMstaafu

Ami, nauli ni kweli, lakini tusichanganye. Malori yana vifungu vyake katika jedwali la forodha la Afrika Mashariki, na kiwango hutegemea uzito. Ile asilimia 35 inayozungumzwa na mwenye uzi ni ya magari ya abiria.

#11 Ami_Mokowe

Sawa, shekhe wa forodha. Basi na Probox, vigari vya Toyota vinavyoniletea maziwa kutoka Witu, navyo ni malori?

#12 Mhasibu_Malindi

Nimesoma kote, na naona mnamtwisha ushuru lawama za mtu mwingine. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa ikiuzwa kwa karibu Sh160. Baadaye ilishuka hadi karibu Sh129 na ikatulia hapo. Thamani ya forodha ikihesabiwa kwa sarafu ya kigeni, shilingi ikianguka, kila asilimia inaangukia juu ya kitu kikubwa zaidi hata kama sheria haijaguswa neno. Shemeji yangu alinunua gari Januari 2024 na hadi leo anailaani Julai 2023, ilhali sehemu kubwa ya maumivu yake ilitoka kwenye kiwango cha kubadilisha fedha. Kama ushuru ndio ungekuwa mkosaji mkuu, bei zingebaki pale Januari zilipokuwa hata shilingi ilipoimarika.

#13 MwanaMaweni

Mhasibu, hoja nzuri, ila kuna shimo. Kwa magari ya mitumba Mamlaka ya Mapato haitegemei bei uliyolipa Japani. Hutumia orodha yake ya bei za magari mapya, ile tunayoiita CRSP, kisha hupunguza kwa uchakavu kulingana na umri wa gari, na gari lililokaribia miaka minane huondolewa asilimia 65 ya bei hiyo. Ukinunua mnadani kwa bei ya kutupa, hati yako ya malipo haikusaidii kitu. Sasa niambie, hapo shilingi inaingilia wapi?

#14 Mhasibu_Malindi

Inaingilia siku orodha inapoandikwa upya. Orodha iliyotumika tangu 2020 ilikuwa imelala huku bei za dunia zikipanda, na mwaka 2025 Mamlaka ikatangaza orodha mpya. Kwa miaka ile ya usingizi mlikuwa mnafaidika na bei za zamani bila kujua. Lakini umenibana kidogo, nakubali: katikati ya orodha mbili shilingi hugusa zaidi bei unayomlipa Mjapani kuliko kodi.

#15 Mwalimu_wa_Hesabu

Basi tuna watuhumiwa watatu: kiwango, orodha na shilingi. Hakuna aliyemtaja wa nne, sharti la umri. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo kwa mwaka 2025 gari sharti liwe la 2018 au baadaye. Sisi sote tunagombania magari yaleyale ya umri uleule kwenye minada ileile, na anayeuza anajua. Tanzania huruhusu magari ya zamani zaidi na kuyatoza ushuru wa bidhaa wa ziada kwa ukuukuu wake. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Sharti la umri ni ushuru usiokuwa na risiti. Ungeondoa asilimia 10 kesho na kuacha sharti hilo, sidhani kama MwanaMaweni angepata Noah yake.

#16 TuktukKisumundogo

Kwa hiyo mwalimu unataka tuletewe vyuma chakavu vya miaka 15 vituzimikie Kakuyuni usiku?

#17 Mwalimu_wa_Hesabu

Sikusema ninataka. Nilisema sharti la umri lina bei. Kuna tofauti, na ningekuwa darasani ningekukata alama.

#18 Yokohama_hadi_Lango_Baya

Nimekuwa msomaji wa kimya, lakini mada hii imenitonesha kidonda. Gari langu lilipakiwa Yokohama mwezi Mei 2023. Nilikuwa nimetenga pesa za kodi kwa kiwango cha asilimia 25, zimekaa benki, na wakala niliyempa kazi aliniambia nilale usingizi. Meli ikafika wiki ya kwanza ya Julai. Nilipopelekewa karatasi ya hesabu nilidhani ni ya mtu mwingine, nikaiangalia namba ya chesisi mara tatu. Kiwango kinachotumika ni cha wakati wa kuingiza bidhaa, si cha siku uliyomlipa muuzaji, na hilo hakuna aliyenieleza hadi lilipokwisha kutokea. Siku 19 nilizunguka nikikopa kwa jamaa wa Lango Baya, Gongoni, hadi kwa mjomba aliye Hola, na kila siku gharama za kuhifadhi gari zinapanda. Nilipolitoa hatimaye, betri ilikuwa imekufa. Kwa hiyo kaka wa tuktuk, elfu sitini hazikuniua. Kilichoniua ni kuzijua nikiwa nimeshachelewa.

#19 TuktukKisumundogo

Pole sana, kaka. Nayafuta maneno yangu ya #5, isipokuwa lile la mkopo, ambalo naona limethibitika.

#20 Baharia_Mstaafu (Lamu)

Mnaizungumza Kenya kana kwamba ndiyo iliyobuni ushuru. Nimefanya kazi kwenye meli za kubeba magari, na nimeona ushuru ukizaa vituko. Marekani ilipokasirikia Ulaya kwa kutoza ushuru mkubwa kuku wake, mwaka 1964 ikajibu kwa kuweka asilimia 25 juu ya malori mepesi kutoka nje. Ugomvi wa kuku umesahaulika, asilimia 25 ingalipo. Ford yenyewe, kampuni ya Kimarekani, ilikuwa ikiingiza gari lake la Transit Connect kutoka Uturuki likiwa na viti vya nyuma na madirisha ili lihesabiwe kuwa gari la abiria, kisha likishashushwa viti vinang'olewa na linauzwa kuwa gari la mizigo. Subaru nao waliwahi kufunga viti viwili vya plastiki nyuma ya pikapu kwa sababu hiyohiyo. Mtu anayesema ushuru huamua kipi kitauzwa anasema nusu; huamua pia umbo la kitu chenyewe.

#21 Mchomeleaji

Baharia ameniongezea nguvu. Tena mwaka 1981 Japani ilikubali kuzuia mauzo yake Marekani yasizidi magari milioni 1.68 kwa mwaka, na mwaka uliofuata Honda ikaanza kuunda magari Ohio. Ukuta ulipojengwa, kiwanda kilihamia upande wa pili wa ukuta. Hicho ndicho tunachokingoja.

#22 Baharia_Mstaafu

Huo ulikuwa mgao, kijana, si ushuru, na tofauti yake ni kubwa. Ushuru ukipandisha bei, ziada inakwenda kwa serikali. Mgao ukipandisha bei, ziada inabaki kwa muuzaji. Wajapani walioruhusiwa kuuza magari machache waliamua kila moja liwe la bei kubwa. Aidha, Honda ilihamia kwenye soko la mamilioni ya wanunuzi. Sisi tuna wanunuzi wangapi wa gari jipya?

#23 MwanaMaweni

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Thika, Nairobi na Mombasa zina viwanda vya kuunganisha magari tangu miaka ya 1970, na vipande vinavyokuja kuunganishwa havitozwi ushuru wa forodha. Ulinzi umekuwepo takriban miaka hamsini. Volkswagen Polo Vivo ilianza kuunganishwa Thika mwishoni mwa 2016, na tulipigiwa ngoma. Nani humu anaendesha moja? Tuna hata Nyayo Pioneer ya 1990, gari lililoundwa hapahapa Kenya, iliyozinduliwa kwa shangwe na haikufika sokoni. Mtoto anayelindwa miaka hamsini bila kutambaa, tatizo si uzio.

#24 Mchomeleaji

Au tatizo ni kwamba uzio ulikuwa na lango wazi. Miaka ya 1990 soko lilipofunguliwa, mitumba iliingia kwa wingi na viwanda vikapungukiwa na kazi. Wazee waliokuwa kiwandani wakati ule wapo karakanani kwetu na hulisimulia kila wakinywa chai. Huwezi kumlaumu mtoto aliyepokonywa ziwa.

#25 Mhasibu_Malindi

Australia inawajibu nyote wawili vibaya. Miaka ya 1980 ushuru wao wa magari ulifika asilimia 57.5, ukashushwa hatua kwa hatua hadi asilimia 5 mwaka 2010. Ford ilifunga kiwanda 2016, Toyota na Holden zikafunga 2017. Mchomeleaji atasema: mnaona, walibomoa uzio. Lakini wachumi wengi huko hutaja pia dola yao iliyokuwa na nguvu kupita kiasi wakati ule na soko dogo lililogawanywa na chapa nyingi. Kila mmoja humo huchukua kipande cha maiti kinachomfaa.

#26 BintiShela

Sasa mmeacha punda mmepanda Australia. Hili la Marekani la juzi je? Aprili 2025 waliweka asilimia 25 juu ya magari kutoka nje, kisha Japani ikajadiliana hadi ikapata asilimia 15 tangu Septemba mwaka huohuo. Wajapani wakiuza kidogo kule, si watatuletea sisi kwa bei nafuu?

#27 Baharia_Mstaafu

Swali zuri, dada, na jibu lake ni la usukani. Gari linalotengenezwa kwa ajili ya Marekani lina usukani wa kushoto, na sheria yetu inataka wa kulia. Magari tunayonunua sisi ni yale ambayo Mjapani ameyatumia barabarani kwao. Yatakuwa mengi ikiwa Wajapani watanunua mapya mengi nyumbani na kuyaacha ya zamani. Kiwanda kikipunguza kazi na watu wakiogopa, huenda wakashikilia magari yao kwa muda mrefu zaidi, na mnada ukakauka. Inaweza kwenda upande wowote.

#28 Ami_Mokowe

Mimi naona mmemwacha mkosaji wa tano, dalali. Kila nikiuliza bei ya gari yadi za Mombasa naambiwa "ushuru umepanda", hata gari lililokuwa limeegeshwa pale kabla ya Julai 2023. Ushuru huo mpya ulilipwa lini?

#29 WakalaMstaafu

Haukulipwa. Lakini mwenye yadi anafikiria bei ya kulileta gari lingine badala ya hilo, na mwenye gari la mkononi naye humtazama mwenye yadi. Ndiyo maana hata Probox iliyosajiliwa zamani, iliyolipiwa asilimia 25 na ikabeba papa na ng'onda Malindi miaka sita, bei yake ilipanda wiki ileile. Serikali haikupata hata senti kutoka kwenye nyongeza hiyo.

#30 Mchomeleaji

Basi hapo, Ami, ushuru umemlinda dalali. MwanaMaweni andika hilo kwenye orodha yako ya wanaolindwa, ukiacha nafasi ya jina langu juu yake.

#31 MwanaMaweni

Nimekuandika, ila kwa penseli. Basi la karakana yenu linalindwa, nakubali. Sienta yangu hailindi mtu, na sijasikia bado kwa nini vyote viwili viwekwe chini ya hoja moja. Kwa sasa nimeacha kuagiza. Nimeambiwa kuna Noah ya mkononi Mambrui, ya 2014, mwenyewe ni mwalimu na hajawahi kuipakia mizigo. Kuna anayeijua?

#32 Mwalimu_wa_Hesabu

Ninaijua, kwa sababu ni yangu. Na bei ilipanda leo asubuhi, baada ya kusoma #29.